Mvule Niliousogeza

Kwa miaka mitatu nilichora Ubwari nikiwa nimeupa mgongo.

Kibanda changu kiko pembeni mwa soko la mji wa Baraka, kimeelekea ukuta wa duka la saruji. Ziwa liko nyuma yangu, hatua mia mbili tu, na ng'ambo ya ghuba rasi ya Ubwari imelala siku nzima bure kwa yeyote mwenye macho. Sikugeuka. Mkono ulikuwa umeshajua: mstari wa bluu, mstari wa zambarau, jua jekundu kama nyanya, mtumbwi mmoja. Wageni wa mashirika ya misaada walizinunua picha hizo siku ya kurudi kwao. Siku nyingine niliandika vibao vya saluni na famasi. Nakiri kwamba herufi za saluni nilizichora kwa moyo kuliko ziwa.

Haikuwa hivyo mwanzo. Nilikuwa nikipanda mtelemko wa barabara ya Fizi na ubao wa tripleksi kichwani, hadi shamba la michikichi la Mama Adolphine. Aprili ya 2016 nilikaa huko siku tisa. Mvua ilikuwa imeosha hewa, Ubwari umesogea karibu kana kwamba ungeugusa. Mama Adolphine, mjane ambaye hakunijua kwa ukoo wala kwa kanisa, aliniletea sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, kila adhuhuri, akakaa kunitazama nikila. Siku ya tisa nilimpa picha. Nyuma yake niliandika jina langu, Nadège, na tarehe. Akaitundika sebuleni.

Baadaye niliacha kupanda. Hakuna aliyenikataza. Jicho lilizimika tu, kama taa iliyokwisha mafuta, na mkono ukaendelea na kazi peke yake.

Jumanne moja ya Julai, mwaka huu, Mama Adolphine alikuja kibandani, anahema na anacheka.

"Nadège, mama, tableau yako, ile picha, itaniokoa."

Akanieleza. Papa Nicolas, mwenye duka hilo hilo la saruji ninalolitazama kila siku, alikuwa amenunua shamba linalopakana na la Mama Adolphine, na sasa anadai mpaka uko ndani zaidi, safu sita za michikichi. Mpaka wenyewe ulikuwa mvule mmoja mkubwa. Watu walipokimbia vita, baada ya picha yangu, mvule ule ulikatwa mbao, kisiki kikang'olewa na kuchomwa makaa. Mzee aliyemuuzia mumewe shamba alishakufa. Karatasi hazikuwahi kuwapo.

"Lakini kwa picha yako muti iko," alisema. "Na tarehe iko. Alhamisi shefu ya kijiji anapanda na bazee. Bataona bo benyewe."

Nikaichovya brashi kwenye kopo lisilo lake.

Mchora vibao wa Uvira aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja: mti ukiziba ziwa, sogeza mti; juu ya ubao wewe ndiye Mungu. Mvule ule ulikuwa umeziba ncha ya Ubwari. Nikausogeza. Niliutoa mahali pake nikaupanda hatua kama hamsini ndani ya shamba la Mama Adolphine, penye pengo zuri, nikaupaka kivuli. Mwenyewe alipoiona picha alicheka kwa furaha ya kuona nyumba yake. Nani hupima picha?

"Mama, picha si ramani," nilisema.

"Nani anataka ramani? Ramani bilichorwa na bantu habakufika huku hata siku moja. We ulifika. Ulikula sombe yangu siku tisa."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalifika kwenye meno. Lakini ilikuwa kazi yangu pekee ambayo mtu aliwahi kuiamini, na nilitaka iaminiwe siku mbili zaidi.

"Sawa, mama," nikasema.

Alhamisi asubuhi picha iliegemezwa kwenye shina la mchikichi, shefu na wazee watatu mbele yake, majirani nyuma. Mama Adolphine alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Papa Nicolas aliitazama picha muda mrefu, mikono mgongoni. Nilimwona alipotambua mvule uko wapi. Hakutabasamu mara moja. Alijizuia, kama mtu aliyeokota kitu njiani na kuangalia kwanza kama mwenyewe yuko karibu.

"Shefu, tupime," alisema.

Akaenda hadi kwenye jiwe nililokalia mwaka ule nikichora, kwani ukingo wake nao ulikuwa kwenye picha, chini kabisa. Akanyoosha mkono. "Nyumba njo ile. Kijito njo kile. Sasa muti." Akahesabu safu za michikichi kati ya nyumba na mvule wangu, kwanza kwenye picha, kisha shambani. Akarudia, wazee wakihesabu pamoja naye, kisha akahesabu safu zilizobaki nje ya mvule.

"Mi niliomba safu sita," alisema. "Tableau ya mama mwenyewe inanipa nane."

Mama Adolphine alinigeukia. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa akingoja nieleze.

"Niliusogeza," nilisema. "Mti ule ulikuwa kule nje, baada ya safu ya mwisho. Ulikuwa unaziba ziwa. Niliusogeza ili Ubwari uonekane."

Watu waliangua kicheko.

"Unasogeza mvule, binti?" shefu aliuliza. "Kwa mabega gani?"

"Kwa brashi, shefu."

"Na nyumba, uliisogeza?"

"Hapana."

"Kijito?"

"Hapana."

"Ni muti ya mupaka peke yake njo ilitembea!" mtu alipiga kelele nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Papa Nicolas hakucheka. Alizungumza taratibu, karibu kwa huruma. "Artisti wetu, kama siku ile ulidanganya juu ya uzuri, leo unadanganya juu ya sombe uliyolishwa. Sisi tushike uongo gani?"

 

Wazee walinong'ona. Shefu akasema picha haina mdomo wa kugeuza maneno, mimi ninao; basi picha ndiyo ishikwe. Papa Nicolas akatangaza kwamba yeye ni mtu wa kusali, hatachukua nane, sita zinamtosha. Wengine walimpigia makofi.

Walipoondoka, Mama Adolphine aliinua picha akaniwekea mikononi.

"Chukua muti yako."

"Mama, nisamehe."

"Kila asubuhi nilikuwa naamka naangalia hii kitu, nasema: kuko muntu mumoja alishaonaka shamba yangu." Akafunga kitenge vizuri. "Kumbe ulikuwa unaangalia ziwa."

Kesho yake kulipopambazuka nilipanda na ubao mpya. Sikwenda kuomba msamaha. Ningeuomba kwa kinywa gani? Nilikwenda kwa sababu wafanyakazi wa Papa Nicolas walikuwa wameanza kukata, na nilitaka angalau safu zile sita ziwe mahali fulani jinsi zilivyokuwa.

Nilikaa juu ya jiwe. Ubwari haukuonekana. Julai huwa hivyo, moshi wa mashamba hulimeza ziwa lote. Hapakuwa na kitu cha kupendeza cha kuangalia, nikaangalia kilichopo. Shina la mchikichi si la kahawia, kama nilivyolipaka maisha yangu yote. Ni la kijivu cha majivu, na katika kila kovu la kuti lililokatwa imeota mimea midogo ya kijani kikali. Udongo wa pale ni mwekundu juu, mweusi palipokanyagwa. Nilihisi njaa ile ya zamani, njaa ya mkono unaotaka kukimbia na jicho linaloushika usikimbie. Ilirudi yote, nzima. Niliona aibu. Imerudi leo, na imelishwa na nini?

Adhuhuri Mama Adolphine alikuja akasimama nyuma yangu. Mkononi hakuwa na sahani.

"Sasa njo unachora bya kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Macho yako inakula sana. Imekula safu sita nzima ndiyo ifunguke."

Akaendelea kutazama, ubao, shamba, ubao.

"Ule wa tatu," alisema. "Umeunyoosha. Ule uliinamaka tangu bwana wangu alipoupanda. Angalia basi."

Nikaangalia. Ulikuwa umeinama, kidogo sana, upande wa nyumba. Nikakwangua rangi kwa kisu, nikaanza upya.

"Ukimaliza, panda kule juu," alisema. "Na kule niko na jirani. Kuko jiwe ya mupaka. Usiisogeze."

Akaondoka bila kuniaga.

Shoka lilifika kwenye mchikichi wa tatu nikiwa nimemaliza shina, sijagusa makuti. Ulianguka ukiwa umeinama vile vile. Mkono ulijua makuti. Nimechora makuti elfu, si ya ule. Niliweka brashi chini. Juu ya shina lile niliacha tripleksi tupu, nikahamia wa nne haraka, kabla hawajaufikia.