Kinanda cha Anyitike na Mapigo Ishirini na Manne

Kamati ya kwaya ilimpa Anyitike wiki moja, na ilimpa kwa upole, jambo lililomtisha zaidi. Mwenyekiti Henry alisema kinanda cha zamani kikishindwa kwenda sambamba na mashine mpya ya ngoma ifikapo Jumamosi, kitapelekwa kwa wenzao wa kanisa la Ihumwa, na mpigaji wake atarudi kwenye besi.

Anyitike alikuwa karani wa masijala, mtu wa Tukuyu aliyeletwa Dodoma na barua ya uhamisho. Kwenye besi, mstari wa tatu, alishakaa miezi miwili na hakuna aliyekumbuka. Kwenye kinanda, hata hivyo, alikuwa mtu. Wimbo haukuanza mpaka watu wageuke wamtazame, na akina dada walimuuliza, "Tuanzie wapi, kaka Anyi?" Mtu akishaulizwa hivyo kila Jumapili kwa miaka minne, kumrudisha mstari wa tatu ni kama kumvua suruali hadharani.

Kinanda chenyewe kiliachwa na mmishenari aliyerudi kwao. Kilikuwa na kitufe kimoja kilichopendwa na kanisa zima: ukikizungusha, sauti inaanza kupanda na kushuka yenyewe, kama redio iliyo chumbani na mtu anafungua na kufunga mlango. Kasi ya mlango huo uliiweka kwa mkono, kwa kukisia. Zamani haikuwa na neno. Lakini sasa maduka ya mjini yalikuwa yamejaa vitu vya Dubai kuliko watu wa kuvielewa, na kimojawapo cha vitu hivyo, mashine ya ngoma, kilikuwa kimeingia kwaya. Mashine haikukisia. Ubeti wa kwanza wawili hao walienda pamoja, wa pili wakapishana, wa tatu kila mmoja alikuwa na ibada yake.

Jumatatu baada ya kazi Anyitike alikibeba kinanda begani, na mashine ya ngoma kwapani, hadi Barabara ya Tano, kwa Abdulrazaki fundi redio.

"Mnyakyusa, umehama na kitanda?" Abdulrazaki aliuliza bila kuinua macho.

"Acha utani, bwana. Nifanyie hiki kisikilize mashine."

Abdulrazaki aliigeuza mashine ya ngoma nyuma, akaona tundu la duara lililoandikwa MIDI, akachangamka kama aliyeona mkwe. Alikuwa na kitabu cha fotokopi kilichomweleza jambo lote. Kupitia tundu lile, mashine hutoa mapigo madogo ishirini na manne kwa kila dundo moja la ngoma. Hayasikiki. Ni umeme tu, unaowaambia wengine, "nipo hapa, nipo hapa." Kinanda cha zamani hakikuijua lugha hiyo, lakini kilikuwa na tundu ambalo ukilipa mguso wa umeme, mlango wa sauti huanza upya kufunguka. Kilichotakiwa ni kiboksi cha katikati: kipokee mapigo, kiyahesabu, na kila yakitimia idadi fulani, kikiguse kinanda.

"Idadi gani?"

"Kitabu kinasema kumi na mawili. Mlango unafunguka mara mbili kwa kila dundo."

Alhamisi kiboksi kilikuwa tayari, ndani ya kopo la biskuti. Pale dukani kilifanya kazi bila kosa hata moja. Fundi na karani walitikisa vichwa, moja-mbili, moja-mbili, wakaridhika kabisa. Walikuwa watu wawili wenye akili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kucheza ngoma ya Kigogo.

Jumamosi saa tisa alasiri kwaya ilijipanga. Abdulrazaki alikuja na mkoba wake wa vifaa, akakaa karibu na mlango. Wimbo ulikuwa wa Dorkasi, binti wa Kigogo kutoka Msalato, aliyeutunga kwa mwendo wa kwao. Mashine ikadunda, kinanda kikaanza kupumua nayo sambamba, na mstari wa mbele ukaingia kwa hatua zake.

Hatua ya nne Tereza alimkanyaga Miriam. Ya sita, nusu ya mstari ilikuwa kulia na nusu kushoto. Besi wakagongana mabega. Mwenyekiti Henry akanyoosha mkono, mashine ikazimwa.

"Anyitike," alisema kwa upole ule ule.

"Shikamoo mzee, subiri kidogo," akajibu Anyitike, ambaye alishamsalimia mara mbili siku hiyo.

Dorkasi alikuwa akicheka mpaka ameshika ukuta. "Kaka Anyi, kinanda chako kinatembea kama askari! Wewe ukitembea, kati ya dundo na dundo unafanya nini?"

"Natembea tu."

"Ndiyo maana. Tazama." Akapiga mguu chini mara moja, na mabega yake yakaitika mara tatu kabla mguu haujarudi. Ta-ta-ta. Ta-ta-ta. "Tatu. Nyie mmetupa mbili."

Abdulrazaki alikuwa ameshalifungua kopo. "Ishirini na nne kwa tatu," alinong'ona. "Nane! Lahaula, ni nane!" Alichomoa waya mmoja kwenye kihesabio, akauhamishia mguu wa pembeni, akapiga lehemu, akapuliza.

Wakaanza tena. Safari hii kinanda kilipumua mara tatu kwa kila dundo, na mstari wa mbele uliingia kama kitu kimoja. Anyitike alishika sauti moja kwa kidole kimoja, na kinanda kikachezesha watu arobaini. Hata Henry alitikisika bega, la kushoto.

"Kinanda kinabaki," alisema wimbo ulipokwisha. Watu wakapiga makofi. "Ila nieleze, bwana. Mbona mkono wako haukusogea?"

Abdulrazaki alimkanyaga rafiki yake mguu. Haikusaidia. Anyitike alikuwa ameshiba sifa, na aliyeshiba sifa hana breki. Akaeleza yote, na kopo akalionyesha. "Mimi nashika tu, mzee. Kazi yote kinafanya chenyewe."

"Nashika tu?" Dorkasi akauliza. Akasogea, akabonyeza. Kikatembea. Akabadilisha sauti pale wimbo unapogeuka, bila kuchelewa, maana wimbo ulikuwa wake. Anyitike siku zote alichelewa kidogo na wote walimsamehe.

Henry alitazama kidole cha Dorkasi, kisha akamgeukia Anyitike.

"Kaka Anyi," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "sauti yako tunaihitaji sana nyuma."

Abdulrazaki akaanza kukusanya vifaa vyake huku akitazama sakafu. Besi wakasogea, wakamwachia Anyitike nafasi. Hakuuliza mstari gani. Dorkasi alikuwa ameshakaa kwenye kinanda, na arobaini wote wamegeuka kumtazama yeye.