Mate ya Papa Tshibangu

Papa Tshibangu, mwenye miaka themanini na minne na goti moja lenye uadui naye, alikuwa amewadanganya wauguzi wa nyumba ya wazee ya Koekelberg mara kumi na moja. Hizo ni zile zilizothibitishwa tu. Aliwahi kujifanya amezimia ili aletewe supu ya moto. Aliwahi kuficha meno ya bandia ya jirani ndani ya chungu cha maua, kisha akaongoza msako mwenyewe, kwa majonzi makubwa. Kwa hiyo aliposema kwamba vidonge vya kodeini vya kutuliza maumivu havimsaidii kitu, wauguzi walitikisa vichwa kwa upendo na kumfunika blanketi.

Ubaya ni kwamba safari hii alikuwa akisema kweli. Tangu Pasaka hakuwa ametembea zile hatua kumi na mbili kutoka kitini pake mpaka meza ya dirishani, alikokuwa akicheza karata na Maman Émérance, mshonaji mstaafu. Alisukumwa kwa kiti cha magurudumu, na kiti hicho alikiona kama tusi.

Ndipo kikaja kipimo kipya. Muuguzi Rukiya, Mrundi wa Bujumbura, aliwaeleza wazee mezani kwamba miili haizitumii dawa kwa namna moja: kuna ini linaloiamsha dawa, na kuna linaloiacha ipite ikiwa imelala. Mate kidogo ya shavuni yangeonyesha ini la kila mtu ni la aina gani. Akampa kila mmoja kijiti chenye pamba na kichupa chenye jina lake. Mara kengele ya chumba cha tisa ikalia, naye akatoka mbio.

Papa Tshibangu alikitazama kijiti kwa dharau. Kwao, mzee humtemea mtoto mate kidogo kiganjani akimbariki. Leo baraka hiyo itiwe kichupani na kusafirishwa kama mkojo?

"Émérance," alinong'ona, "sugua na hii yangu ku shavu yako. Nitakupa speculoos mbili."

"Na mate yako?"

"Mate ni mate. Watajua nini?"

"Leta moja kwanza."

Alipewa biskuti moja. Akasugua kwanza, akala baadaye, kitaalamu kabisa.

Wiki mbili baadaye Rukiya alirudi na majibu na uso wa huruma.

"Bon, Papa. Ini yako iko bien. Kodeini inakutumikia vizuri. Donc, daktari anasema tusibadilishe dawa."

Mzee alihisi goti likimcheka. Akinyamaza, atabaki mwongo mwenye cheti cha maabara. Akisema, amejikamatisha mwenyewe kwa mara ya kumi na mbili.

"Rukiya, mwanangu, hiyo ini haiko yangu. Iko ya Émérance."

"Eh, Papa! Umeanza tena?"

"Hapana. Goti inaniuma, mutoto. Inaniuma kweli."

Hakuweka mkono kifuani kama kawaida yake, wala hakugeuza macho juu. Rukiya akaacha kutabasamu. Akaitoa karatasi ya Maman Émérance, akaziweka mbili sambamba, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Zilifanana mpaka mwisho.

"Na speculoos ya pili sijaiona!" Émérance alipaza sauti kutoka dirishani.

"Nyinyi wawili!" Rukiya alisema. "Mungepewa dawa kufuata ini ya mwingine, sababu ya biskuti?"

Wazee wakainamisha vichwa kama wanafunzi mbele ya mwalimu wa bweni. Rukiya akaleta kijiti kipya, na safari hii hakutoka hata kengele ilipolia. Alimwita mwenzake aende.

"Nitatoa," alisema Papa Tshibangu, "lakini kwanza mukono yako. Toa gant."

Rukiya akavua glavu, akanyoosha kiganja. Mzee akamtemea kidogo, taratibu, akawataja kwa majina watoto wote wawili wa Rukiya, kisha akafungua kinywa kwa ajili ya sayansi.

Majibu ya pili yalikuja: ini la Papa Tshibangu halikuwahi kuiamsha kodeini hata siku moja. Daktari akambadilishia dawa. Mzee akaomba barua ile ibandikwe mlangoni, chini ya jina lake, pawepo ushahidi wa maandishi.

Alhamisi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, aliinuka na mkongojo wake. Alipofika hatua ya kumi na mbili, alitoa speculoos mfukoni na kuiweka mezani.

"Imevunjika," alisema Émérance.

"Gawa karata," alisema Papa Tshibangu, akavuta kiti mwenyewe, akaketi.