Juisi Safi ya Mama

Mwaka wa 1993 nilikuwa mpishi katika hoteli ya Ubah, mama Msomali aliyekuwa na mkahawa kando ya barabara ya Mombasa, hapa Mtito Andei. Madereva wa malori walisimama kwa ajili ya juisi yangu. Nilisaga matunda kwa blenda, kisha nikayachuja kwa kitambaa mara mbili. Chembe moja tu ikielea kwenye glasi, niliona haya.

Mwaka huo mama yangu, Kavata, alifura taya, akashindwa kutafuna. Nikamtoa kijijini kwetu Mutomo, nikaishi naye. Nesi wa hospitali aliniagiza, "Msagie matunda na mboga, umpe yote na uzito wake. Usimpe maji yake peke yake."

Nilimsikia vizuri. Lakini siku ya kwanza niliposaga embe, paipai na karoti, nikauona ule uji mzito wa manjano, roho ilikataa. Mama yangu ale kama mtoto anayeota meno? Nikauchuja, nikampa kwa glasi ya wageni.

"Mwaitu, mama yangu, ni tamu?" nilimuuliza.

"Ni tamu, mwanangu. Lakini nyama ya embe imeenda wapi?"

"Hayo ni makapi tu, mama. Nimewapa mbuzi."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Hao mbuzi wana bahati."

Hakuuliza tena. Ubah ndiye aliyenikuta nikichuja, akasema, "Kalondu, huyo si dereva amesikia kiu. Huyo ana njaa."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mama ni wangu, si wake.

Kufika Oktoba, leso ilikuwa inamzunguka mama mara mbili. Usiku nilimsikia akimeza mate, nikadhani ni maumivu. Alifariki mvua za Novemba zilipoanza, tukamzika Mutomo.

Nilipopita hospitalini kurudisha dawa zilizobaki, nesi alinishika mkono. "Ulimsagia vile nilikuambia?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi usijilaumu. Ugonjwa ule ungemchukua tu. Lakini angalau hakufa na njaa."

Niliinamisha kichwa, nikasema asante, nikatoka. Yule nesi alihamishwa mwaka uliofuata, na mimi nilikuwa bado sijarudi kumwambia ukweli.