Waliompigia Hatsue Simu Kuhusu Maji

Mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, ulianza kumwaga baharini maji yake yaliyosafishwa Alhamisi moja ya mwezi wa nane. Kufika Jumamosi, simu ya mkahawa wa wifi yangu Hatsue, hapa mjini Soma, mkoani Fukushima, ilikuwa inalia bila kupumua. Namba zote za China. Watu walikuwa wakipiga namba yoyote ya Fukushima waliyoiona mtandaoni, wanafoka, wanakata.

"Chomoa waya," nikamwambia.

"Nichomoe, wateja waagize chakula kwa njiwa?"

Hatsue hajui Kichina hata neno. Kila akifokewa alijibu kwa adabu, "Tuna tambi na samaki wa kukaanga. Mko wangapi?" Wengi walikata wenyewe.

Jumatatu akapiga mmoja mwenye mashine ya kutafsiri. Masikio ya Hatsue ni mazito, simu yake huwa ya sauti kubwa, basi mkahawa mzima tukaisikia mashine ikiuliza kwa Kijapani cha adabu, "Kwa nini mnakojoa baharini?"

Hatsue akamgeukia kaka yangu Genzo, mumewe, mvuvi kwa miaka arobaini, aliyekuwa akila pale kaunta.

"Baba Kaori, unaulizwa wewe."

Genzo akaiva uso. "Nani kawaambia? Mara moja tu, na mashua ilikuwa inayumba!"

Mashine ikanasa kila neno, ikampelekea yule mtu. Kisha tukamsikia anacheka mpaka anakohoa.

Akajitaja: Qiao, fundi wa kuziba pancha, mji wa mbali na pwani. Alijiandaa kutukana, akasema, ila sasa amesahau alitaka kuanzia wapi.

"Bahari yenyewe umewahi kuiona?" Hatsue akauliza.

"Bado."

"Yaani unaigombea hujaiona hata sura!"

"Ndiyo maana, mama. Nilitaka niione ingali safi."

Hapo hakuna aliyecheka. Hatsue akavuta kiti.

"Nikwambie kweli, mwanangu? Hata sisi hatukupenda. Wavuvi walikataa, yakamwagwa vivyo hivyo. Wapimaji wanasema samaki ni salama."

"Na wewe unawala?"

"Nawala. Ijumaa ndiyo niliogopa, nikamtanguliza mume wangu."

Genzo akaacha kutafuna. "Ijumaa? Kumbe ndiyo sababu uliniongezea!"

"Nilikuangalia mpaka saa kumi jioni. Nilipoona unakoroma kama kawaida, nami nikala."

Simu za matusi zilififia kufikia mwezi wa kumi. Qiao alipiga tena mara mbili. Mara ya mwisho alimwomba Hatsue amweleze wimbi linavyokuja. Hatsue akajaribu, akashindwa, akampa Genzo simu. Kaka yangu, ambaye nyumbani hasemi maneno kumi kwa siku, alizungumza nusu saa, mkono mmoja ukipanda na kushuka hewani kana kwamba Qiao anamwona.