Sababu ya Kujiondoa

Simu ya Ghalib ilitetemeka juu ya meza ya cherehani, ikajisogeza mpaka ikagota kwenye mkasi. Mwenyewe alikuwa ameiacha kwenye chaji, amekwenda kuswali Ijumaa. Tima hakuwa na desturi ya kupekua simu ya mumewe, lakini maneno yalikuwa yamejianika kwenye kioo: "Hongera, Baba! Leo mwanao ametimiza miezi minne."

Mguu wake ukaganda juu ya kanyagio. Mwana gani? Wa kwao alizaliwa kimya wakati wa masika, mimba ikiwa ya miezi minane, na Ghalib na nduguze wakaenda kumzika Tima angali kitandani hospitalini. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja nyumbani mwao Mishomoroni.

Ghalib aliporudi, aliitazama simu, akakunja uso, akafuta kitu, kisha akailaza kifudifudi.

"Nani huyo?" Tima aliuliza.

"Matangazo tu."

Tangu hapo kila jambo la mumewe likawa na maana ya pili. Akichelewa kutoka kwenye ghala la Miritini alikofanya ukarani, Tima alihesabu dakika. Akisema anapitia Kiembeni Jumamosi, alimnusa shati. Dada yake, Ummi, alimchochea zaidi: "Mwanamume hapongezwi bure, mdogo wangu. Wewe nyamaza, utafute ushahidi kwanza."

Jumamosi iliyofuata, Ghalib alipoingia kuoga, Tima aliichukua simu. Barua pepe zilikuwa zikija kila wiki, zote kutoka duka moja la vifaa vya watoto la Kiembeni. Mwanao ameanza kucheka. Mwanao anahitaji neti mpya. Akafungua zile alizotuma Ghalib mwenyewe, moyo ukimwenda mbio, akitarajia jina la mwanamke.

Zilikuwa kumi na moja, na zote zilikwenda dukani kule kule.

"Naomba mniondoe kwenye orodha yenu. Nilijiandikisha mke wangu alipokuwa mjamzito. Mtoto hatukubaki naye. Nawasihi, mwenzangu asije akaziona."

Chini ya kila moja kulikuwa na jibu lile lile: "Asante kwa kutuandikia! Ili kujiondoa, bonyeza hapa." Tima akabonyeza. Ukurasa ukataka nywila, ukamrusha kwenye ukurasa mwingine, ukamwuliza kama kweli anataka mwanawe akose punguzo, kisha ukamrudisha alikoanzia.

Ghalib alitoka bafuni, akamkuta na simu mkononi.

"Nilidhani umeoa," Tima alisema.

Ghalib akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nimekwenda dukani kwao mara mbili. Kila mara naambiwa meneja hayupo."

"Na leo tutakwenda sote."

Hata hivyo, aibu ya kumshuku mumewe, aliyoitarajia Tima, haikumjia yote. Ghalib hakuwa amemtazama usoni, na mtu aliyekwisha kubainika kuwa hana hatia huinua macho.

"Kuna jambo bado unanificha," alimwambia njiani.

Pale dukani walimkuta binti mmoja, Eddah, kwa mujibu wa beji yake. Aliwasikiliza, akatupa jicho kwenye mlango wa ofisi ya nyuma, akashusha sauti. "Tumeagizwa tusirahisishe, mama. Wateja wakipungua kwenye orodha, tunaulizwa sisi. Lakini ngojeni."

Akageuza kompyuta ili waone. Fomu ilitaka sababu, na sababu zilikuwa tatu: mtoto amekua, bei ziko juu, umepata duka jingine.

"Yetu haimo," alisema Tima.

"Nachagua yoyote tu, mama, samahani." Eddah akabonyeza, akasita. "Inataka na jina la mtoto. Nikiacha wazi inakataa."

"Hakuwa na jina," Tima alijibu haraka.

"Alikuwa nalo."

Tima akageuka. Ghalib alikuwa ameinamisha kichwa, anazungumza kama mtu anayekiri wizi. "Nilimpa pale kaburini, kabla hatujamfukia. Sikujua nikwambie vipi kwamba nilimpa bila wewe kuwepo. Ikhlas."

Tima alilitamka polepole, bila sauti. Vidole vya Eddah vilingoja juu ya herufi.

"Naliandikaje?" aliuliza binti.

Tima akasogea karibu na kioo cha kompyuta, akaanza kumtajia, herufi moja baada ya nyingine.