Sahani Mbili za Matobolwa

Haya niliambiwa na Agnetha mwenyewe, mwezi wa nane mwaka huu, siku tuliyokwenda Tinde kupima presha. Foleni ilikuwa ndefu, nesi alikuwa mmoja, na Agnetha hawezi kukaa kimya. Mimi sikuwa na haraka, nikamwacha aseme. Alianza kwa kuniambia kwamba kosa lilikuwa la Sikujua, jirani yake. Foleni iliposogea hadi katikati, likawa kosa la wote wawili. Tulipoukaribia mlango wa nesi, akakubali kwamba lilikuwa lake peke yake. Kwa hiyo naandika kama alivyosema pale mlangoni.

Agnetha anakaa Didia. Mjukuu wake Limi yuko chuo kikuu, mwaka wa mwisho, anasomea uhandisi. Mwaka jana alirudi likizo na mbao, wavu na nailoni nzito, akagongelea kitu kama kabati lililolazwa chali. Juu lina kifuniko cha nailoni kinachopitisha jua, ndani lina trei za wavu. Ni kaushio. Vipande vya viazi vinakauka humo bila kuguswa na vumbi, kuku wala mbuzi.

Agnetha alipoliona mara ya kwanza akauliza, "Mke mwenzangu, umemchongea nani jeneza?"

"Si jeneza, Bibi. Ni la matobolwa."

Kwa asiyeyajua, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa mpaka vikawa vya kutafuna. Sisi tunaanika juu ya jabali. Mchanga kidogo ukiingia tunautema, tunaendelea na mazungumzo.

Lakini upande wa Geita yuko mtu aliyechoka kusikia habari za kutema. Anaitwa Bwana Marselino, kwao Songea. Alikuja huku kijana kuchimba dhahabu, akaona wanaoshiba machimboni ni wanaopika, akaacha sururu akashika mwiko. Leo ana kampuni inayolisha makambi ya wachimbaji. Matobolwa yanapendwa sana kule, maana mtu anashuka nayo shimoni mfukoni, hayamwagiki wala hayachachi. Ila wachimbaji wanamlalamikia. Wanamwambia, "Mchanga tunaula kutwa huko chini, na wewe unatuuzia mwingine?"

Sasa kampuni hiyo na chuo cha Limi walikuwa wamekubaliana jambo. Mwanafunzi akibuni kitu chenye manufaa, chuo kinatoa nusu ya gharama na kampuni inatoa nusu, anapewa mwaka mzima wa kukijenga na kukiingiza sokoni. Waliomba wengi. Wakachujwa hadi wakabaki wawili, Limi na kijana mmoja aliyetengeneza mambo ya kwenye simu ya kuonyesha bei ya dhahabu. Nafasi ilikuwa moja. Bwana Marselino akasema yeye hasaini kwa kutazama picha. Atakuja Didia, atakula, na akitafuna mchanga anakwenda kwa yule wa simu. Barua ilisema hivyo hivyo, kwa maneno ya heshima zaidi.

Na Limi alikwishawaahidi wanawake kumi na wawili wa kikundi cha bibi yake kwamba mwakani watauza Geita. Wao ndio waliompa viazi vya majaribio, debe kwa debe. Ukishawaahidi wanawake kumi na wawili wa Didia huna tena njia ya kurudi, labda uhame mkoa.

Siku tatu kabla ya wageni Limi hakupata usingizi wa maana. Alikuwa akigeuza vipande, akipima unyevu kwa kidude chake, akiandika daftarini. Asubuhi ya siku yenyewe akaenda barabara kuu kuwapokea wageni. Kabla ya kuondoka akamwambia bibi yake, "Ya kwenye kaushio yako kwenye beseni la kijani. Hayo ndiyo ya wageni."

"Nimesikia."

Kusikia alisikia. Shida ilianza alipofunua beseni.

Agnetha anasema yalimtisha. Matobolwa anayoyajua yeye ni ya kahawia, yamekunjamana kama uso wake na wangu. Haya yalikuwa na rangi ya chungwa, yamenyooka, yanang'aa kama yametiwa soda.

"Uliyaonja?" nikamuuliza.

"Ningeonjaje kitu cha mtihani wa mtoto?"

Hapo ndipo Sikujua anapoingia. Alichungulia beseni akamwambia Agnetha, "Mama Masele, hivi ni vya kujaribia. Watu wametoka mbali, utawajaribia matumboni mwao?" Akaenda zake kuteka maji. Hilo tu ndilo kosa la Sikujua. Mengine yote, kwenda kufungua kiroba cha matobolwa ya jabali, kuchagua mazuri, kuyapanga kwenye ile sahani ya maua inayotoka kabatini akija askofu, na kuyafunika kwa kitambaa cha kufuma, hayo yalifanywa na mikono ya Agnetha.

Wageni wakafika saa saba mchana. Bwana Marselino akashuka garini, mnene, mwenye kofia, akasalimu kwa lugha yetu, kwa sauti, akimwita Agnetha mama, "Mwadila, mayu!"

Wanawake wa kikundi, waliokuwa wamekusanyika kuwapokea wageni, wakacheka. "Mwadila," akajibu Agnetha. "Mngoni, salamu umeivuta kama kamba ya kisimani. Karibu, baba."

Nyuma yake akashuka mwalimu wa Limi, Dakta Valerian, mtu mpole, mwembamba, kiatu kimechongoka mbele. Akamwamkia Agnetha shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaanza hapo hapo kueleza. Alieleza ubia wa vyuo na makampuni, akaeleza ubunifu, akaeleza ujasiriamali, akarudi tena kwenye ubunifu. Neno ubunifu alilitaja mara nyingi hata kuku wa pale nadhani wanalijua.

Dereva wao, Mkurya anayeitwa Chacha, alibaki garini, mlango wazi, miguu nje. Agnetha hawezi kumwona mtu amekaa hivyo bila kitu mdomoni. Akampelekea beseni la kijani, lote.

"Dereva naye si mgeni?" nikamwambia.

"Ni mgeni," akasema Agnetha, "lakini hasaini."

Limi alimchukua Bwana Marselino nyuma ya nyumba kumwonyesha kaushio. Huko walikaa, maana mzee huyo alitaka kugusa kila msumari. Waliporudi barazani, Dakta alikwishafunua kitambaa na alikuwa kwenye kipande cha tatu.

"Bwana Marselino, njoo uonje!" akasema. "Hii ndiyo sayansi! Ladha hii, jua la kawaida haliwezi kuitoa. Unaona ilivyotulia? Hii imetokana na hewa kuzunguka sawasawa ndani ya trei."

Wanawake wote kumi na wawili wakatazama chini. Sikujua, aliyekuwa amebeba birika, akageuka akarudi nalo jikoni.

Bwana Marselino akachukua kipande, akatafuna taratibu. Akaacha kutafuna. Akatoa leso mfukoni, akageukia ukuta, akarudi na leso imekunjwa. Alikuwa kwa watu.

"Limi, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "haya umeyatoa kwenye lile kaushio lako?"

Limi akatazama sahani. Kwa rangi tu alijua. Hapo, anasema Agnetha, ndipo alipomwona mtoto amesimama katikati ya moto na maji. Akisema ndiyo, kaushio linatoa mchanga na safari imeishia pale. Akisema hapana, anamwaibisha bibi yake mbele ya wageni, na mwalimu wake aliyesifu hewa ya trei anabaki uchi. Akamtazama bibi yake mara moja tu, wala si kwa hasira. Kisha akasema, "Mzee, labda ningekuletea maji kwanza."

"Maji sina kiu nayo."

Agnetha hakungoja aulizwe. Akasimama.

"Baba, usimuulize mtoto. Hayo ni ya jabali. Nimeyaweka mimi. Yake yeye yako kwenye beseni jingine."

Dakta Valerian alikuwa na kipande mdomoni. Akabaki nacho shavuni, hakukitafuna wala kukitoa.

"Kwa nini, mayu?" akauliza Bwana Marselino.

"Kwa sababu sikuyaamini. Yanang'aa mno. Nikasema mgeni ale kitu ninachokijua. Na nikwambie kweli, baba, tangu mwaka jana watu wa chuo wamekuja hapa mara nne. Wamepima unyevu, wamepima joto, wamempiga picha mbuzi wangu. Hakuna hata mmoja aliyesema, mama, chukua kipande uonje. Limi naye anayapima tu kama dawa. Nikajua vile si vya kuliwa, ni vya kupimwa."

Limi akasema, "Bibi! Si ungeniambia?"

"Ungenipa daftari niandike."

Bwana Marselino akacheka hadi kofia ikaanguka. Akageuka. "Dakta, ile ladha ya sayansi vipi?"

Dakta akameza. "Mimi nilikuwa nazungumza kwa ujumla."

"Usihuzunike, mwanangu," akasema Agnetha. "Jabali letu halijawahi kusifiwa na mtu wa digrii tatu. Leo limepata heshima."

Kicheko kilipopoa, mzee akakunja uso kidogo. "Haya. Ya kaushio yako wapi? Nimekuja kwa hayo. Nisipoyala leo, kesho natoa jibu kwa yule wa simu."

Agnetha ndipo alipokumbuka. Akashika kichwa. "Yuko nayo dereva wako."

Wakaondoka wote barazani, mzee mbele, Limi anakimbia, Dakta na kiatu chake nyuma, na wanawake wote. Chacha alipoona msafara ule unamjia akadhani amegonga mbuzi. Beseni lilikuwa mapajani, linang'aa chini. Mkononi alishika kipande kimoja, kimefika mdomoni.

"Chacha!" akapaza sauti mzee. "Usiume! Tulia hivyo hivyo!"

"Bosi, nimefanya nini?"

"Umekula mradi! Mengine yako wapi?"

Chacha akatazama beseni, akawatazama wanawake. "Nilipewa. Sikuiba."

"Yote umemaliza?"

"Bosi, haya ukianza hayana pa kuachia."

Mzee akakichukua kile kipande kutoka mkononi mwa dereva, akakiinua juani, akakikata katikati. Nusu akampa Agnetha. "Wewe kwanza, mayu. Leo unaonja."

Agnetha akaweka mdomoni. Wote wakamtazama. Alitafuna muda mrefu, kwa makusudi anasema, ili nao wajue ilivyo kungoja. Limi alikuwa ameuma kucha.

"Matamu," akasema mwisho. "Matamu kuliko ya jabali. Sikuzaliwa leo, lakini ni matamu."

Mzee naye akala nusu yake. Hakutoa leso. Akamgeukia dereva. "Chacha, mchanga?"

"Mchanga gani, bosi?"

"Huyu," mzee akawaambia wanawake, "nazunguka naye makambi mwaka wa tisa. Hakuna kambi ambayo hakulalamikia chakula changu mwenyewe. Wali una mawe, dagaa wana mchanga, chai ina moshi. Leo amemaliza beseni bila kusema neno. Ushahidi zaidi ya huo mimi sijui chuo kinautoa wapi."

Dakta akafungua mkoba haraka, kabla mtu hajabadili mawazo, akatoa karatasi akaziweka juu ya boneti. Zilikuwa na sehemu tatu za kusaini, ya chuo, ya kampuni na ya mwanafunzi. Bwana Marselino akashika kalamu, akaisimamisha.

"Hapa panakosekana mtu," akasema. "Chuo kimeleta akili, mimi naleta fedha na wateja. Viazi ni vya nani? Mikono ya nani? Na sahani leo imepangwa na nani? Dakta, chora mstari mwingine. Kikundi nacho kisaini, na wakati wa kuonja waonje wao kwanza."

Dakta akasema fomu imepitishwa na kamati, haibadilishwi. Mzee akamwuliza kama kamati ilishawahi kutafuna mchanga. Dakta akachora mstari kwa mkono, akautazama kwa huzuni maana haukunyooka, akaandika chini yake jina la kikundi. Akasema atakwenda kuieleza kamati yeye mwenyewe. Namheshimu kwa hilo.

Mzee na Dakta wakasaini, kisha Agnetha akasaini kwa niaba ya kikundi kwa herufi kubwa, akachukua nafasi ya watu wawili. Limi alisaini mwisho. Wanawake wakapiga vigelegele, Sikujua akatoka jikoni na birika lake, na wageni wakanywa chai iliyokwishapoa.

Walipoondoka, mzee ndiye aliyeshika usukani. Chacha alikuwa nyuma, ameshiba, kinywa wazi, amelala kabla gari halijafika barabara kuu.

Limi akakaa mkekani kivulini, bado amevaa viatu alivyowavalia wageni. Agnetha akakaa karibu naye, akaanza kupanga: makaushio kumi yajengwe wapi, nani azuiwe kugusa trei, nani awapikie wageni wakija tena.

"Si wewe, Bibi," akasema Limi.

"Si mimi. Awe Sikujua?"

"Mmh."

"Naye ana maneno. Tumweke Vumilia wa kikundi?"

Kichwa cha Limi kilikuwa tayari kimeangukia begani kwa bibi yake. Agnetha akamvua viatu kimoja kimoja, akamlaza, akamfunika kanga. Aliniambia alibaki macho kuwafukuza kuku, kwa sababu mtoto amechoka na mtu mzima lazima alinde.

Lakini Sikujua, ambaye naye nilimuuliza, anasema alikuja saa kumi kurudisha sufuria, akapiga hodi mara tatu, na hakuitikiwa. Aliwakuta wawili mkekani, kuku wanatembea katikati yao, na Agnetha ndiye aliyekuwa akikoroma.