Shahidi wa Breki

Siku chama cha mafundi baiskeli kilipokutana kumhukumu Mzee Hezekiah, mwenyekiti wake, Shamima, hakuweza kumaliza hata nusu kikombe cha chai. Aliisogeza chai pembeni, akalifunga duka lake la mabeseni na mashuka mapema, akavuka soko la Kianjai kwa mwendo wa mtu anayeitwa na askari. Watu walimsalimia akaitikia bila kuwatazama. Alijua kwamba ndani ya saa mbili mzee yule angevuliwa kazi aliyoipenda kuliko chakula, na kwamba kulikuwa na neno moja tu la kusema kabla hajavuliwa, na neno hilo alikuwa nalo yeye.

Chama chenyewe hakikuwa kitu cha kumtisha mtu. Kilikuwa banda la mabati lililowahi kuwa ghala la maharagwe, na wanachama kumi na saba waliotengeneza baiskeli za wenzao bila mshahara, kila mmoja akijitolea alasiri moja kwa wiki. Mkutano ulikuwa Alhamisi, maana Ijumaa ilikuwa ya Waislamu, Jumamosi ya Wasabato na Jumapili ya Wamethodisti, na Jumatatu hakuna mtu Kianjai aliye na hamu ya kumsikiliza mwenzake. Hawakupiga kura. Walizungumza kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wakubaliane au wachoke, na mwenyekiti alisema mwisho. Akishasema, hugonga kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye kreti mbele yake, na jambo huwa limekwisha.

Kanuni zao nyingi walizibishania kila mwaka kama watoto wanaogombania mto. Moja tu haikuwahi kuguswa: baiskeli haitoki bila shahidi. Fundi hakuruhusiwa kuitoa kazi yake mwenyewe. Lazima mwanachama mwingine apakie mitungi miwili ya maji kwenye keria, aiendeshe baiskeli hadi mteremko ulio nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia unga, afunge breki mara mbili, arudi, ndipo aandike alama ya chaki kwenye chuma na jina lake kitabuni. Kanuni hiyo ililetwa na Mzee Hezekiah mwenyewe, mwaka walipoanza. "Fundi huipenda kazi yake," aliwaambia. "Na anayependa haoni."

Wiki tatu zilizopita, Kathuri, mkulima mwenye mke mmoja na baiskeli moja, alikuwa akiteremka kuelekea mtoni na gunia la ndengu. Nati ya breki ya mbele ikachomoka. Baiskeli ilimpeleka hadi kwenye kalvati, na mguu wake wa kulia ukasagika kati ya chuma na saruji. Madaktari walifanya walivyoweza, kisha wakaukata juu ya goti. Kitabu cha chama kilipofunguliwa, mstari ulikuwa wazi. Fundi: Hezekiah. Shahidi: Shamima.

Kitabu hicho ndicho kilichomwokoa Shamima, na ndicho kilichokuwa kikimtafuna. Watu walifikiri hivi: Shamima aliijaribu, ikashika, kwa hiyo nati ilikazwa ovyo, ikavumilia siku mbili tatu, ikaachia. Shahidi si mganga wa kuona kesho. Kosa ni la mzee, au basi ni la Kathuri mwenyewe aliyepakia kupita kiasi. Hakuna aliyemuuliza Shamima kama kweli aliipanda. Ungeanzaje kumuuliza mwenyekiti swali kama hilo?

Hakuipanda. Jioni ile Mzee Hezekiah aliiegemeza baiskeli kwenye nguzo, akapangusa mikono kwa kitambaa, akasema, "Tayari." Shamima akachukua chaki. Mzee huyu ndiye aliyemfundisha kushika spana, wakati wanaume wenzake walipokuwa wakicheka kumwona mwanamke mwenye hijabu akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Sasa apakie mitungi ya maji mbele ya macho yake, aende akaipime kazi yake mbele ya soko zima? Aliona ni kama kukaribishwa maziwa ugenini ukayanusa kwanza kabla ya kunywa. Basi akaandika alama, akaandika jina, akamwambia mzee, "Kazi safi."

Na kanuni nyingine ilisema kwamba fundi ambaye breki yake imemwumiza mtu huweka spana mezani na hagusi tena baiskeli bandani. Kwa wengine hiyo ni alasiri moja ya wiki. Mzee Hezekiah alikuwa hapo kila siku tangu mkewe afariki, saa moja asubuhi, kabla wauza ndizi hawajatandika. Watoto wake walikuwa Nairobi na Nanyuki. Nyumbani kulikuwa na kiti na redio. Kumtoa bandani ni kumwambia akakae akingoja mpaka afe, na Shamima alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Wenzake wote kumi na sita walikuwa wamefika alipoingia. Mzee alikaa mahali pake karibu na mlango, kofia mapajani. Kando ya Shamima aliketi Gachoki, makamu wake, mwalimu wa useremala katika chuo cha ufundi, mtu anayependa kanuni kama wengine wanavyopenda nyama. Na mbele kabisa, kwenye benchi walilompangusia vumbi, alikaa Njoki, mke wa Kathuri. Mgeni hupewa neno la kwanza. Shamima akamwomba aseme.

"Mimi sikuja kulia," Njoki akasema. "Nimelia ya kutosha. Na sikuja mfukuze mtu. Nataka kujua kitu moja. Hiyo baiskeli ilijaribiwa ama haikujaribiwa? Kwa sababu Kathuri kila siku ananiuliza, Njoki, ni mimi nilipakia sana? Anahesabu hizo ndengu kwa kichwa. Anasema labda angetoa debe moja angekuwa na mguu. Mniambie nikamwambie."

Gachoki akafungua kitabu, akamsogezea, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mama, pole sana. Lakini ona hapa. Ilijaribiwa. Mwenyekiti mwenyewe ndiye shahidi. Ilipotoka hapa ilikuwa sawa."

Njoki alilitazama jina lile, kisha akamtazama Shamima, na macho yake yakalainika. Alikuwa anamshukuru.

Wakaanza kuzungumza kwa zamu. Mmoja alisema mzee apewe onyo. Mwingine akasema kanuni ni kanuni, na mzee ndiye aliyewafundisha hivyo. Idrisi, mwenye bucha, mtu mnene asiyeweza kumuudhi nzi, alisema hana la kusema, akajifuta jasho. Zamu ikafika mlangoni. Mzee Hezekiah akasimama taratibu.

"Msigombane," akasema. "Nati ilikuwa yangu. Hakuna haja ya maneno mingi. Spana ni zenu."

Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa spana yake ya namba kumi na tatu. Ilimponyoka. Akainama, akaiokota, akaiweka juu ya kreti mbele ya mwenyekiti, akarudi kuketi. Kazi ya miaka kumi na mmoja ilichukua muda huo tu kuisha.

Sasa lilibaki neno la mwenyekiti na mlio wa kengele. Shamima aliitazama ile kengele. Akiigonga, watu watatawanyika, jina lake litabaki safi kitabuni, Njoki ataenda hospitali kumwambia mumewe kwamba baiskeli ilikuwa nzima, na Kathuri ataendelea kuhesabu ndengu zake hadi siku atakayozikwa. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kengele. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio, kwamba mkono wenyewe ulikwenda bila kuambiwa.

Akaing'oa kengele kwenye kreti, akampa Gachoki.

"Shika. Naomba nishuke kitini," akasema. "Mtu hawezi kuongoza kesi yake."

"Kesi gani tena?" Gachoki akashangaa.

"Sikuipanda." Akamgeukia mgeni. "Njoki, dada yangu, sikuipanda hiyo baiskeli. Niliandika chaki tu. Mwambie Kathuri si yeye. Gunia moja la ndengu si kitu kwa breki nzima. Na kama ningeenda nayo mpaka pale kwa posho mill, ingeniangusha mimi."

Njoki hakupiga kelele. Alijifunika mdomo kwa leso, akimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Mwenyekiti! Wewe?" Gachoki alifoka. "Wewe ndiye wa kuruka kanuni? Kwa nini?"

"Ilikuwa kazi ya mzee."

Alidhani itabidi aeleze zaidi. Haikubidi. Alipoinua macho hakuona uso hata mmoja ulioshangazwa na jibu hilo. Gachoki mwenyewe akaanza kukichezea kitabu.

Mzee Hezekiah alikuwa amesimama tena.

"Ni hiyo siku tu, Shamima?"

Angeweza kusema ndiyo. Lakini aliyekwisha kuloa haogopi mvua. "Hapana, mzee. Kazi yako sijawahi kuijaribu hata mara moja."

Mzee akamgeukia makamu. "Na wewe, mwalimu?"

Gachoki akatazama chini.

"Idrisi?"

"Mzee wangu," Idrisi akasema, machozi yakimlengalenga, "mimi ningeanzia wapi kukupima wewe? Wewe!"

Akawauliza wote. Akazunguka banda zima kwa macho, jina kwa jina, kama mwalimu anayeita rejesta, na kila aliyeitwa aliinamisha kichwa. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawa walilisikia la mkuu mpaka wakapitiliza, na guu lililovunjika likawa la Kathuri.

Mzee akainua mikono yake miwili, akaigeuza, akawaonyesha.

"Hii vidole imekufa ganzi tangu mwaka juzi. Ni sukari. Nikishika nati sijui kama nimeishika, nikikaza sijui kama imekaza. Sikuwaambia." Akaishusha mikono. "Nilikuwa najiambia, si kuna shahidi? Hao wako na mikono mizuri, wataona. Kila jioni nikiona ile chaki nilikuwa nasema, asante Mungu, leo pia imeshika. Kumbe nilikuwa peke yangu."

Hakuna aliyeweza kumtazama. Shamima aliweza kuvumilia kufukuzwa, aliweza kuvumilia macho ya Njoki, lakini neno lile la mwisho lilimwingia moyoni likakaa. Miaka yote alidhani anamheshimu. Alikuwa amemwacha.

Njoki akamgeukia mzee. "Na kwa nini hukusema una sukari?"

"Niliogopa mtanirudisha nyumbani," mzee akasema.

"Basi ulifikiri mguu wa mume wangu ni wa kujaribia."

"Hapana, mama." Akaketi. "Hapana. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

Njoki akasimama, akajifunga leso kiunoni. Alisema anaenda hospitali kabla saa ya kuona wagonjwa haijapita, akamwambie Kathuri kwamba ndengu hazikuwa na kosa. Mengine watayazungumza akiwa na nguvu. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Na hao wengine?" akauliza. "Ni wangapi wanatembea na hizo breki sasa hivi?"

Akaenda zake bila kungoja jibu.

Gachoki alikifungua kitabu tena, akahesabu. Tangu Januari pekee, mzee alikuwa ametengeneza baiskeli sitini na tatu. Zilikuwa njiani wakati huohuo, na maji, na maziwa, na watoto nyuma. Hakuna aliyekumbuka zamu tena. Wakakubaliana haraka kuliko walivyowahi kukubaliana juu ya jambo lolote: Shamima ameshuka kitini, spana ya mzee imebaki mezani, na kila baiskeli iliyopita mikononi mwake irudishwe na ipandwe, kuanzia leo, kuanzia zilizo sokoni.

Wakatawanyika kuzitafuta. Mzee Hezekiah hakwenda nyumbani. Alivuta kreti nyingine hadi nje ya banda, akakaa juani, akawa anawatajia: ya Wambura, ile yenye usukani uliopinda, ya Ciakuthii muuza ndizi, nyeusi, raba za breki ya nyuma zimebadilishwa Machi. Vidole vilikuwa vimekufa, lakini hakusahau hata chuma kimoja.

Ya Ciakuthii ilifika kwanza. Gachoki akaipakia mitungi miwili, akaangaza macho kwa wanachama. Wote walikuwa wanamtazama mzee, na hakuna mguu uliosogea. Ugonjwa wao ulikuwa bado uko palepale.

Shamima akakusanya vazi lake, akapanda. Akapita nyuma ya posho mill, akaingia kwenye mteremko, akabana breki kwa vidole vyote. Vyuma vililia, gurudumu likaendelea kuzunguka kana kwamba hajagusa kitu. Alisimamisha kwa miguu, viatu vikikwangua mawe, maji yakimmwagikia mgongoni. Kisha akaikokota baiskeli hadi bandani, ambako sasa watu wa sokoni walikuwa wamejaa, akasimama mbele ya mzee aliyemfundisha kazi.

"Mzee," akasema, chini chini, "hii haishiki."

Mzee Hezekiah aliinua uso.

"Sema kwa nguvu, mwari wakwa, binti yangu," akamwambia. "Hao wa nyuma hawajasikia."

Shamima akavuta pumzi, akasema tena, kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza ndizi, huku machozi yakimtiririka wazi mbele ya watu, kwamba breki ya Mzee Hezekiah haishiki. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akajipangusa macho kwa kofia, akaita baiskeli ya pili.